Tuliosoma Pamoja Tusipoteane

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Keumbu



Halmashauri ilitutaka sisi tuliokabidhiwa kazi ya kufuatilia habari za wenzetu wa chuo tuseme mbele yenu, na maneno yetu yapigwe chapa katika taarifa ya mwaka ili hata yule asiyeweza kufika apate kuyasoma nyumbani kwake. Jambo lenyewe ni hili. Tulisoma pamoja ualimu tungali vijana, tukapewa vyeti, tukaachana. Sasa tu wazee. Je, inafaa tuendelee kutafutana na kuonana? Na kama inafaa, tufanye kwa njia gani? Mwisho wa maneno haya tutaweka mbele yenu mapendekezo manne, nanyi mtayapigia kura. Kwa hiyo twaomba mtusikilize kama watu watakaoamua, wala si kama watu waliokuja kuburudishwa.

Chuo chetu

Yafaa tuanze na chuo chenyewe, maana vijana wengi wakipita mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Kisii hudhani kwamba mahali pale palianza na chuo kikuu. Sivyo. Mwaka 1965, wakati uhuru wa Kenya haujatimiza miaka miwili, palifunguliwa pale chuo cha kufundisha walimu wa shule za msingi. Kilijengwa juu ya ardhi ya eka 61 iliyotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, ikaundwa Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo sote tumeijua kwa jina la TSC, na waliotoka chuoni wakawa watumishi wake.

Mwaka 1983 chuo kilipandishwa daraja kikaanza kufundisha walimu wa shule za sekondari kwa stashahada. Mwaka 1994 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 2007 kikafanywa chuo kishiriki cha Egerton, na mwezi wa Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia kama mtu afurahivyo kuona nyumba ya baba yake imeezekwa upya. Wajukuu wetu wanapata digrii mahali pale pale ambapo sisi tulijifunza kuandika maazimio ya kazi na andalio la somo.

Lakini, wenzetu, maendeleo hayo yana upande wake wa pili. Mwenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi akirudi leo kwenye lango lile, anarudi mahali pengine. Waliomo wana kazi yao na wanafunzi wao, wala hatuwezi kuwadai watukumbuke. Wale waliosoma Siriba, karibu na Maseno, wanalijua jambo hili vilevile, kwa kuwa mwaka 1990 chuo chao kiliunganishwa na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa Maseno, ukawa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Maseno. Yapo majengo, ipo miti, lakini kile chuo cha walimu hakimo tena ndani ya majengo. Kimo ndani ya watu waliolala bweni moja, wakasikia kengele moja, wakakatwa alama na mkaguzi mmoja siku za mazoezi ya kufundisha. Basi mmoja wetu akipotea, kipande cha chuo kimepotea pamoja naye. Wala hakitoki kingine, kwa maana tangu 1983 hapajatoka pale darasa jipya la walimu wa namna yetu. Idadi yetu haiwezi kuongezeka. Yaweza kupungua tu.

Namna tulivyotawanyika

Tulipoachana hatukukusudia kupoteana. Kila mmoja alipewa barua ya kupangiwa shule, akafunga sanduku lake la bati, akaenda. Mmoja alikwenda upande wa Ogembo, mwingine Borabu, mwingine Trans Mara, mwingine Kitale. Siku zile anwani ya mwalimu ilikuwa sanduku la posta la shule. Akihamishwa, anwani imekufa, na barua ya rafiki yake inakaa juu ya meza ya mwalimu mkuu hadi inapakwa vumbi. Ndivyo urafiki mwingi ulivyokatika, bila ugomvi wala kosa la mtu.

Akina mama walipotea zaidi. Msichana tuliyemjua kwa jina la baba yake aliolewa, akahamia kwa mume, akaitwa kwa jina la mume, kisha akaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Ukienda leo kumwuliza kwa jina lile la chuoni katika kijiji anachokaa, huenda hata jirani yake asijue unamwuliza nani.

Kisha yakaja mambo makubwa kuliko sisi. Machafuko ya mwaka 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwaondoa watu wengi wa jamii yetu katika makazi yao ya Bonde la Ufa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliofundisha huko kwa miaka mingi, waliojenga na kuzaa huko. Mtu aliyekimbia usiku hachukui daftari la majina. Na katika miaka ya karibuni wengine wamevuka bahari kufuata watoto wao. Sote twajua kwamba watu wetu wengi wamefanya makao katika jimbo la Minnesota, Marekani, hata imekuwa si ajabu kusikia kwamba mzee wa Nyaribari analea wajukuu kwenye theluji.

Faida yake ni nini?

Wako wanaosema, na haki yao kusema, kwamba hayo yamepita. Wanauliza: kila mtu ana kanisa lake, ana ukoo wake, ana chama chake cha akiba na mikopo. Kwa nini tujitwishe mzigo mwingine uzeeni? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni la wajane na yatima. Mwalimu mstaafu akifariki, mke wake au mumewe hubaki na karatasi asizozielewa. Wakubwa wa ofisi watauliza nambari ya TSC, watauliza tarehe ya kuajiriwa, watauliza cheti cha kifo na barua ya chifu, watataka kujua ni nani aliyeandikwa kuwa mrithi. Mjane huenda hajui hata shule tatu za kwanza alizofundisha marehemu. Ukoo haujui. Kanisa halijui. Anayejua ni yule aliyeajiriwa naye mwaka mmoja, aliyepitia njia ile ile ya ofisi na kuzijua fomu zake. Mtu huyo mmoja, akiwa karibu, aweza kuokoa miezi mingi ya kupanda na kushuka ngazi. Lakini atakuwaje karibu ikiwa hana habari kwamba mwenzake amekufa? Hutokea mwalimu akazikwa Jumamosi hapa Gusii, na rafiki yake wa bweni anayekaa tarafa ya pili akasikia baada ya matanga kwisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi twaongeza kwamba hawezi kukufaa asiyejua dhiki yako.

La pili ni la upweke. Mwalimu akiwa kazini husalimiwa na mamia ya watoto kila asubuhi. Akistaafu, asubuhi ile ile anasikia kuku na redio. Hadi mwaka 2009 tulistaafu tukiwa na miaka 55. Mwaka ule umri ukaongezwa kuwa miaka 60, na kwa hiyo katika darasa moja wako waliotoka kazini mapema na wako waliobaki. Lakini wote sasa wako nyumbani. Wana watu wa kuzungumza nao juu ya majani chai na ng'ombe, lakini hawana wa kuzungumza naye juu ya kazi waliyoifanya maisha yao yote. Mzee huyo akionana na mwenzake wa chuo hata saa moja, hurudi nyumbani na uso mwingine.

La tatu ni la ujuzi. Mwalimu wa rika letu ameona mambo ambayo hayataonwa tena. Alitahinisha watoto kwa mtihani wa CPE. Aliyaona maziwa ya shule yaliyoanza 1979. Mwaka 1985 mpango wa 8-4-4 ulikuja pamoja na mtihani wa KCPE, naye akatakiwa kufundisha useremala na kilimo bila karakana. Walio wadogo wetu walikuwa bado kazini Januari 2003, wakati elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo na watoto wakafurika mlangoni. Na sote tumeishi hadi kuona KCPE ya mwisho mwaka 2023. Nani atayaandika hayo? Kitabu kitaandika sheria na tarehe. Lakini namna mwalimu alivyogawa vitabu vichache kwa darasa lililojaa, na namna alivyofuma ramani kwa nyuzi za mgomba kwa kukosa karatasi, hayo yamo vichwani mwetu tu, na hukumbukwa vizuri pale wawili wanapokumbushana.

Mifano ya waliotutangulia

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Desemba 1921 vijana waliosoma Maseno, wengi wao walimu, walikutana Lundha, huko Gem, wakaunda chama kilichoitwa Young Kavirondo Association. Jonathan Okwiri alikuwa kiongozi wao. Walilalamikia kodi, kipande na kazi ya lazima. Mwaka 1923, chini ya mmishenari W. E. Owen, chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Vilevile katika miaka ya 1940, huko Makerere, Julius Nyerere, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, kisha wakaona ni afadhali nguvu yao iingizwe katika chama cha Waafrika kilichokuwapo tayari Tanganyika. Twayataja hayo ili ionekane kwamba watu waliokaa dawati moja huaminiana mapema kuliko watu wengine, na imani hiyo ni mtaji. Hata chama cha walimu, KNUT, kilichoundwa Desemba 1957, kiliota katika udongo huo huo.

Lakini mfano ulio bora tunao hapa hapa nyumbani. Mababu zetu walikuwa na namna mbili za kusaidiana kazi, nasi wengi tuliziona kwa macho. Iko risaga, yaani mwenye kazi kubwa huita watu wengi siku moja, wanalima, wanakula na kunywa kwake, kisha kila mtu anakwenda zake. Na iko egesangio, yaani watu wachache hupatana kulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka zamu ikamzunguka kila mtu. Katika risaga anayekuja hana deni kesho. Katika egesangio kila anayepokea anajua kwamba zamu ya mwenzake inakuja, na hakuna shamba linaloachwa kwa sababu ni dogo au ni la mjane.

Sasa tazameni namna watu wengi waliosoma pamoja wanavyokutana siku hizi. Wanaita risaga moja kubwa. Wanakodi hoteli mjini, wanashona fulana za rangi moja, wanaalika mgeni rasmi, wanakula, wanapiga picha, kisha wanakaa miaka kumi bila kujuliana hali. Hatuwalaumu, maana karamu ni kitu chema. Lakini chama chetu ni chama cha ustawi, na twaona kinachotufaa ni egesangio. Karamu iwe sehemu ndogo, na zamu ya kutembeleana na kusaidiana iwe ndiyo kazi yenyewe.

Kutafuta waliopotea

Kazi ya kwanza ni daftari. Tumeanza kuliandika, na kila jina lina nafasi saba: jina la chuoni, lakabu, jina la sasa, nyumba na kijiji cha baba, shule alizofundisha, nambari ya simu, na mtu wa kuarifiwa. Msicheke mkisikia lakabu. Wako wenzetu ambao jina la lakabu ndilo pekee linalokumbukwa na watu wote, na kwa jina hilo wameweza kupatikana. Nafasi ya kijiji cha baba ni kwa ajili ya akina mama hasa. Mwanamke aweza kubadili jina mara mbili, lakini kwao hapahami. Nenda kwao, mwulize kaka yake, utampata.

Tunawaomba kila mmoja wenu alete majina matatu tu: mmoja anayejua aliko, mmoja anayemtafuta, na mmoja aliyefariki. Mkiwa watu thelathini mmeleta majina tisini, na mengi yatafungamana yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Juu ya simu twasema hivi. Wengi wenu mmo katika kundi la WhatsApp, na ni njia njema. Lakini msidhani kwamba habari ikiwekwa pale imefika kwa wote. Wako wenzetu wenye simu ndogo isiyopokea picha, na wako wasioona vizuri herufi ndogo. Kwa hiyo karani wa kila eneo atapewa majina yasiyozidi kumi, awapigie watu hao simu kwa sauti yake mwenyewe walau mara moja kwa mwezi. Sauti ya mgonjwa huonyesha ugonjwa ambao maandishi hayaonyeshi. Kwa walioko Minnesota mkumbuke kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu, saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa joto. Ukiwapigia saa kumi za alasiri hapa Keumbu, utawakuta wanakunywa chai ya asubuhi. Ukiwapigia asubuhi yetu, utawaamsha usiku wa manane.

Tena jihadharini. Katika daftari letu hatutaki nambari ya kitambulisho ya mtu, wala nambari ya siri ya fedha. Akitokea mtu akakupigia simu kwa jina la chama na kukuuliza hayo, huyo ni mwizi, hata akijua lakabu yako.

Siku ya kuonana

Sasa tufike kwenye mkutano wa kuonana wenyewe. Tulitazama mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Januari ni mwezi wa karo za wajukuu. Aprili mvua ya masika imeshika na barabara za ndani hazipitiki. Desemba watu wako nyumbani, lakini ni majira ya kutahiri wavulana, harusi na Krismasi, na mfuko umekwisha toboka. Tumeona Agosti ndiyo inayofaa. Shule zimefungwa, na hilo ni muhimu kwa sababu tutakayoieleza. Tena tumeona isiwe Jumamosi, kwa maana Jumamosi hapa kwetu ni siku ya mazishi, na kwa wenzetu Waadventista ni Sabato. Siku ya katikati ya juma haimdhuru mstaafu.

Mahali pawe Keumbu mwaka wa kwanza. Keumbu iko juu ya barabara ya lami iendayo kutoka mji wa Kisii hadi Keroka na kuendelea Sotik. Anayetoka Ogembo au Tabaka hupita mji wa Kisii akapanda gari moja tu tena, na anayetoka Borabu hushuka kwa njia ya Keroka. Hospitali iko karibu, na kwa watu wa umri wetu hilo si neno dogo. Mwaka wa pili wapokee wenzetu wa Nyamira, wa tatu wa upande wa Gucha, kwa zamu ya egesangio.

Wala tusikodi hoteli. Twapendekeza tukutane katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo, tukae juu ya madawati tuliyoyaongoza maisha yetu yote, na mchango wetu uende kwa shule ile badala ya kwenda kwa mwenye hoteli. Chakula kiwe obokima, chinsaga na nyama kidogo, kipikwe na watu waliolipwa, ili walimu wetu wa kike wasishinde jikoni wakati wenzao wanakumbushana. Nao walisoma, nao wakae.

Juu ya kiingilio twasema wazi: kisiwepo. Katika kila darasa wako waliopata sana na wako waliopungukiwa. Mmoja alifika kuwa mkuu wa elimu, mwingine aliachishwa kazi kwa sababu ya pombe, mwingine shamba lake limeuzwa kwa ajili ya matibabu. Mwenye haja kubwa ya kutuona ndiye atakayezuiwa na shilingi elfu mbili, na hatasema kwamba hana. Atasema ana mgeni nyumbani. Kila atakayekuja alete anachoweza, awe na shilingi au mkungu wa ndizi, akiweke mezani pasipo jina. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mwanasiasa asipewe nafasi ya kusema. Akija kama aliyesoma nasi, akae kwenye dawati kama wengine.

Utaratibu wa siku uwe mmoja mkubwa, nao ni kuita majina. Mwalimu wa zamu asimame asome orodha yote ya chuoni, kwa majina ya chuoni, polepole. Aliyepo aitike. Aliyefariki, mtu aliyelala naye bweni moja asimame aseme neno moja la kweli juu yake. Na ambaye hajulikani aliko, sote tuseme: anatafutwa. Neno hilo lisiachwe hata miaka ikipita, maana siku tutakapoacha kulisema ndiyo siku tutakapokuwa tumemzika mtu aliye hai.

Fedha

Bwana Mwenyekiti, vyama vingi havivunjwi na chuki. Huvunjwa na hesabu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, imekuwa rahisi sana kuchanga na rahisi vilevile kusahau zilikokwenda. Twapendekeza ziwepo hazina mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ni ya siku ya kuonana, na ikibaki kitu kihamie ya pili. Ya pili ni ya shida: ugonjwa, mazishi na safari za kumfuatia mjane haki zake ofisini. Fedha ya shida isinunue soda hata siku moja. Watu watatu watie sahihi, mmoja wao awe mwanamke, na hesabu isomwe kwa sauti kila Agosti kama yanavyosomwa majina. Aidha tujiandikishe kwa njia ya halali chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, ili benki itupokee na warithi wetu wasije wakagombania fedha isiyo na mwenyewe.

Tumeulizwa pia: mtu wa mwisho akibaki peke yake, itakuwaje? Jibu letu ni kwamba watoto waandikwe tangu sasa. Kila jina katika daftari lina mtu wa kuarifiwa, na huyo mara nyingi ni mwana au binti. Wataarifiana juu yetu, na katika kuarifiana watajuana. Hatuwalazimishi kubeba chama chetu. Tunataka tu wawe na mlango wa kubisha.

Mapendekezo

Basi twayaweka mbele ya mkutano haya manne. Kwanza, daftari la wote waliosoma pamoja liandikwe na kutunzwa na karani, na nakala moja ikae kwa Mweka Hazina. Pili, siku ya kuonana iwe kila mwaka katika mwezi wa Agosti, kwa zamu, bila kiingilio, kuanzia hapa Keumbu. Tatu, hazina ya shida itengwe na kulindwa kama tulivyoeleza. Nne, kila eneo liwe na mtu wa kupiga simu, na akisikia msiba awaarifu wote kabla ya siku ya mazishi.

Si mambo makubwa. Hayahitaji jengo wala mfadhili. Yanahitaji watu wanaokubali kwamba kazi ya ualimu haikwishi pale chaki inapowekwa chini, na kwamba kati ya wale tuliowafundisha, wa kwanza kabisa tulikuwa sisi kwa sisi, usiku, kwa taa ya bweni, kabla ya mtihani.

 Karatasi za majina matatu ziko mezani karibu na mlango. Tunawaomba kila mmoja asitoke bila kujaza yake, na asiye na miwani atasaidiwa kuandika.